Panga limekatika, tindo imepasuka: kutafuta kosa la matiko

Mteja akirudisha panga lililokatika vipande viwili, neno la kwanza linalosikika bandani kwa mhunzi ni "chuma kibaya". Mara chache ni kweli. Springi tuliyofulia panga hilo, iliyobeba lori la mkonge kwa miaka mingi kwenye makorongo ya barabara za mashamba ya Muheza na Korogwe, haikuwa chuma kibaya. Ilipofika kwetu ilikuwa nzima. Kati ya springi ile na panga hili kuna moto tu, yaani kazi ya kutia matiko, ya kukifanya chuma kiwe kigumu kwa kukipasha na kukipoza ghafla, na moto huo tuliushika sisi. Kwa hiyo kabla hujaenda kutafuta springi nyingine, tazama ulichonacho mkononi. Kila dalili ina asili yake, na karibu zote zinaonekana kwa macho, tupa na sumaku.

Kwanza tuelewane kinachotokea ndani, maana bila hilo utabadilisha mafuta wakati kosa liko kwenye tanuri.

Chuma tunachofulia visu na mapanga kina kaboni kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 1. Kikiwa kimepoa polepole, atomi zake zimejipanga kwa namna isiyoipa kaboni nafasi. Mpangilio huo unaitwa feraiti, na unabeba kaboni kama asilimia 0.02 tu. Kaboni iliyobaki hujifunga na chuma na kuwa sementaiti, ambayo ni ngumu na rahisi kuvunjika. Feraiti na sementaiti hupandana kwa tabaka nyembamba mno, mfano wa chapati ya kusukuma iliyopikwa vizuri, na tabaka hizo kwa pamoja huitwa pelaiti. Chuma cha namna hii unakikata kwa msumeno wa mkono bila shida.

Ukikipasha kupita nyuzi 727 za Selsiasi, atomi zinaanza kujipanga upya kuwa ostenaiti, na humo kaboni inayeyuka bila taabu. Ukikiacha kipoe majivuni, kaboni inatoka taratibu na pelaiti inarudi. Ukikitumbukiza ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa ndani, inautanua mpangilio na kuukaza, na hapo unapata matensaiti, ambayo ndiyo matiko yenyewe. Ni ngumu sana, lakini imejaa mkazo, na ikiachwa hivyo haivumilii pigo. Ndiyo maana inarudishiwa moto mdogo: sehemu ya kaboni inatoka kama vijipunje vidogo mno, mkazo unapungua, na chuma kinapata uvumilivu kwa kupoteza ugumu kidogo. Springi ya lori iliyolainishwa hukatika kwa mvuto wa megapaskali 700 hivi. Chuma kilekile kikitiwa matiko na kurudishiwa moto ipasavyo hupita 1,300. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa mpangilio.

Kazi basi ina hatua tatu: kupasha, kutumbukiza, na kurudishia moto.

Tupa bado inakula

Umepasha, umetumbukiza, mafuta yamelia vizuri, ukajaribu tupa, nayo inakula kama mwanzo. Anza na malighafi. Nondo, bomba, flatibaa na vyuma vya madirisha vina kaboni ndogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3, na hapo utatumbukiza mpaka kesho bila kupata makali ya kudumu. Ugumu wa matensaiti unategemea kaboni kuliko kitu kingine chochote. Yenye asilimia 0.2 hufika 45 hivi kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C, tena ukiipoza kwa nguvu sana, na yenye asilimia 0.6 hupita 60.

Gusisha kipande kwenye grainda upande wa kivuli na utazame cheche. Kaboni kidogo hutoa mistari mirefu iliyonyooka yenye matawi machache. Kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasukapasuka karibu na jiwe. Weka kipande cha tupa ya zamani iliyochakaa pembeni kwa kulinganisha, maana tupa nzuri ina kaboni ya asilimia 1 au zaidi. Kipimo cha uhakika zaidi ni kukata kijiti chembamba cha chuma hicho, kukipasha, kukitumbukiza majini, kisha kukibana kwenye vaisi na kukipiga nyundo. Kikipinda, weka chuma hicho upande wa mageti. Kikikatika, kina kaboni ya kutosha.

Niseme jambo hapa, kwa kuwa reli ya Tanga hadi Moshi inapita karibu na mabanda yetu. Kipande cha reli kinafaa sana kwa fuawe, ndiyo. Lakini skrubu na vibanio vya mataruma vinavyoletwa na vijana usiku ni mali ya umma, na vikikosekana treni huanguka. Tena vingi havina kaboni ya kutosha kushika matiko. Usivinunue.

Kama malighafi ni nzuri, shuku moto. Fundi wengi hapa hupima joto kwa rangi, na rangi inadanganya juani. Chuma kinachoonekana chekundu hafifu saa sita mchana tayari ni chekundu cha kung'aa ndani ya banda lenye giza. Anayefanya kazi nje hupasha kupita kiasi, halafu akihamia ndani huogopa mwanga na hupasha pungufu. Funga upande mmoja wa banda kwa makuti au turubai, ufanye kazi hii kivulini siku zote, na macho yako yatazoea rangi moja.

Kuwa na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma safi huacha kushikwa na sumaku kikifika nyuzi 770. Kwenye chuma cha springi, sumaku ikiachia kabisa ujue ostenaiti imeshaanza kutawala. Usitumbukize papo hapo. Springi ya kromu, yaani yenye metali ya kromu ndani yake, hutaka kufika kati ya nyuzi 830 na 860, na ikae hapo dakika chache ili kaboni yote iyeyuke na kuenea. Kwa macho ni rangi iliyozidi kidogo ile uliyoiona sumaku ilipoachia. Ukiona rangi ya chungwa inakaribia njano, umeshapita, na adhabu yake ipo kwenye dalili inayofuata.

Kuna pia umbali kati ya tanuri na mafuta. Bamba jembamba la panga hupoa hewani kwa sekunde chache. Chuma cha kaboni peke yake, kisicho na kromu wala manganizi ya kutosha, kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 727 hadi chini ya 540 ndani ya sekunde moja hivi, la sivyo pelaiti huanza kujijenga kabla ya matensaiti. Springi ya kromu inakupa sekunde chache zaidi, na hii ndiyo sababu inafaa kwa mafuta. Pipa la mafuta liwe hatua moja kutoka motoni. Liwe na mafuta mengi pia: kwa kila kilo ya chuma, lita 8 hivi. Na yasiwe ya baridi mno. Mafuta yakipashwa hadi nyuzi 50 au 60 huwa mepesi, huzunguka vizuri, na kwa hiyo hupoza haraka kuliko yakiwa mazito. Mafuta ya alizeti, ya pamba au ya nazi yanafanya kazi nzuri. Oili chafu ya magari inafanya kazi pia, lakini moshi wake una sumu, na mimi siwezi kumshauri kijana aliyesimama juu ya pipa hilo kila siku aendelee kuuvuta. Kifuniko cha bati kiwe karibu. Mafuta yakiwaka, yafunike, usimwage maji.

Dalili moja inafanana na hii lakini si yenyewe: tupa inakula mara mbili tatu, halafu inateleza. Ndani umefanikiwa. Ni ngozi ya juu tu iliyopoteza kaboni, kwa kuwa hewa ya mvukuto ilikuwa nyingi au chuma kilikaa mdomoni pa bomba la upepo. Kaboni imeungua ikaondoka. Laza chuma juu kidogo ya kitovu cha moto, kifunike kwa mkaa uliokwisha kuwaka, na punguza upepo. Na usimalize kunoa kabla ya matiko. Acha unene wa nusu milimita kila upande, uje uondoe ngozi hiyo baadaye.

Limekatika bila kupinda

Hii ndiyo inayoumiza, kwa sababu panga linalokatika huruka. Mkata mkonge hufanya kazi akiwa na wenzake kwenye mistari, na kipande cha chuma kinachoruka hakichagui. Mteja akija na vipande, mwombe vyote viwili, na umwulize vizuri: "Ulikuwa unakata nini, kaka? Lilikuwa jipya au ulishalinoa kwa jiwe la umeme? Lilikatikia wapi?" Halafu kachukue maji, osha uso wa mvunjiko bila kuusugua, uutazame juani. Uso huo ni hati ya kila kitu ulichofanya.

Ukiona rangi ya kijivu isiyong'aa, laini, yenye punje ndogo kiasi kwamba macho hayazitenganishi, upashaji wako ulikuwa sawa. Kosa liko kwenye kurudishia moto: hukurudisha, au ulirudisha kidogo mno, au ulirudisha mahali pabaya.

Ukiona punje kubwa zinazometa unapogeuza kipande, ulipasha kupita kiasi. Joto linapozidi, chembe za ostenaiti humezana, ndogo zinaisha na kubwa zinakua. Zikishakua hazirudi ndogo kwa kupoza tu. Matensaiti inayozaliwa ndani ya chembe kubwa hufuata mipaka mikubwa, na ufa unaokimbia humo haukutani na vizuizi. Hata ukirudishia moto kwa ustadi wote, panga hilo litabaki na ugonjwa wake.

Dawa yake ipo, tena ni rahisi. Pasha chuma hadi kidogo tu baada ya sumaku kuachia, kisha kitundike hewani mahali pasipo na upepo kipoe hadi kiwe cheusi na sumaku ishike tena. Rudia mara tatu, na kila mara moto uwe pungufu kidogo ya uliopita. Kila chuma kinapovuka mpaka ule wa kugeuka, chembe mpya huzaliwa kwenye mipaka ya zile za zamani, na zikiwa nyingi zinakuwa ndogo. Fanya hivi kwa kila springi uliyoifua kwa nyundo, hata kama huoni dalili yoyote, maana kufua kwenyewe hufanyika kwenye joto kubwa. Ndio muda unaolipa kuliko muda mwingine wote bandani.

Sasa kurudishia moto. Hapa nina msimamo mkali: chuma kilichotiwa matiko kisilale usiku bila kurudishiwa moto. Kikipoa hadi unaweza kukishika mkononi, kirudishe motoni saa ileile. Mkazo uliomo haungojei asubuhi, na vyuma vingi hupasuka vyenyewe mezani bila kuguswa.

Rangi ni mwongozo wa zamani na bado unafaa. Sugua upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, pasha taratibu kivulini, utazame utando unaotokea. Manjano ya mabua ni karibu nyuzi 205 hadi 220, manjano iliyokolea 230 hadi 240, kahawia 255, zambarau 275 au 280, bluu 290 hadi 310, kisha rangi inafifia kuwa kijivu. Rangi hizo ni za muda mfupi. Ukikishikilia chuma saa nzima kwenye joto moja, rangi itasogea mbele ingawa joto halijapanda. Kisu cha jikoni au cha kuchunia kikae manjano, nyuzi 200 hadi 230.

Panga ni habari nyingine. Fundi wengi hulipeleka kwenye bluu kwa sababu bluu inapendeza na mteja anaipenda. Lakini kati ya nyuzi 260 na 370 kuna eneo ambalo vyuma vingi hupoteza ugumu na bado havipati uvumilivu. Sementaiti nyembamba hujipanga mipakani na kukaribisha ufa. Panga la bluu linaweza kuwa laini kuliko la manjano na bado likakatika upesi kulishinda. Kwa panga la kupiga kuni, minazi na mkonge, vuka kabisa eneo hilo: nyuzi 380 hadi 420. Makali yatakuwa ya kunolewa kwa tupa, na mteja wa shambani anataka hivyohivyo, maana tupa ndiyo aliyonayo.

Utajuaje umefika 380 wakati rangi zimekwisha? Kipimajoto cha waya kinachouzwa kwa mafundi wa majokofu na matanuri kinasaidia, kama kinafika joto hilo. Usipokuwa nacho, tumia metali zenyewe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 419. Risasi unaipata kwa wavuvi wa Sahare wanaofunga nyavu, na zinki ndiyo gamba la betri kubwa za tochi za kawaida. Jaza mchanga mkavu kwenye sufuria nzito ya chuma ambayo haitapikiwa tena, zika panga humo, na juu ya mchanga weka kibamba cha chuma chenye kipande kidogo cha risasi na kipande kidogo cha zinki. Visiguse panga. Risasi ikishayeyuka, endelea kupasha taratibu; zinki ikianza tu kuyeyuka, upo mwisho wa juu wa eneo lako, usipite hapo. Shikilia hapo saa moja, acha ipoe, rudia mara ya pili. Fanya nje penye upepo, na osha mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Kimelia ndani ya maji

Mlio mdogo mkali ndani ya chombo cha kupozea, na ukikitoa kuna ufa mwembamba. Matensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti iliyoizaa. Ngozi ya nje hugeuka kwanza na kukakamaa, kisha ndani nako kunageuka na kutaka kutanuka, na ngozi haina pa kwenda isipokuwa kupasuka.

Sisi watu wa pwani tuna kishawishi chetu: bahari iko karibu na maji ni bure. Maji ya bahari hayapozi kwa kasi sawa na ya bomba. Chuma kikiingia kwenye maji matamu hujifunika kwa utando wa mvuke unaochelewesha upozaji. Chumvi huuvunja utando huo, na joto linatoka kwa nguvu na kwa usawa zaidi. Kwa tupa na kwa chuma cha kaboni peke yake, chumvi ni msaada mkubwa. Wahunzi huchanganya gramu 50 hadi 100 kwa lita, na bahari inayo kama gramu 35. Kwa springi yenye kromu, ni kuiua. Chuma hicho hakihitaji kasi hiyo, kwa hiyo kipeleke kwenye mafuta. Ukishatumia maji ya chumvi kwa chuma kinachostahili, kisuuze kwa maji matamu, kikaushe, na kipake mafuta siku hiyohiyo. Hewa ya Tanga haisamehe.

Kama ulitumia mafuta na bado kimepasuka, tafuta kona. Tundu la msumari karibu na ukingo, pembe kali mahali shina linapokutana na bamba, mkwaruzo mrefu wa grainda unaovuka upana, herufi za chapa zilizopigwa kwa kina. Mkazo hukusanyika hapo. Viringisha kila pembe kwa tupa, na mikwaruzo ya mwisho ifuate urefu wa chuma. Na makali yasiwe membamba kabla ya matiko. Yakiwa mazito kama sarafu yanatosha.

Springi za zamani zina jambo moja zaidi. Zimekunjwa mara mamilioni njiani, na nyingine zimeshaanza nyufa ndogo kabla hujazigusa. Ukifungua springi iliyovunjika ya basi, kaa mbali na mahali ilipovunjikia, na pasha kipande hadi chekundu ukitazame kikipoa. Mstari mweusi mwembamba unaojitokeza mapema ni ufa.

Limeingia limenyooka, limetoka limepinda

Halikuingia sawa. Bamba lazima lichovywe wima, ncha chini, na ukilisogeza ndani ya mafuta lisogee juu na chini au kuelekea makali, kamwe si kwa ubavu. Ubavu unaosukuma mafuta hupoa kabla ya mwenzake na kuvuta. Sababu ya pili ni nyundo: bamba lililofuliwa upande mmoja zaidi lina mkazo uliofichika. Ile kazi ya kupasha na kupoza hewani mara tatu huuondoa, na hiyo ni faida yake ya pili.

Ukiona limepinda wakati unalitoa likiwa bado na nyuzi 200 hivi, una muda mfupi. Sehemu ya ostenaiti bado haijageuka, na ukiwa na glovu nene unaweza kulinyoosha kati ya mbao mbili. Likishapoa, acha. Linyooshe wakati wa kurudishia moto, likiwa limefungwa kwa vibanio kwenye flatibaa, tena likiwa na joto.

Makali yanalala upesi

Panga halikatiki, lakini baada ya kazi ya asubuhi makali yamejikunja. Ukiondoa sababu ya ngozi iliyopoteza kaboni, chanzo kikubwa ni jiwe la umeme. Makali ni membamba, hayana pa kupeleka joto, na sekunde moja ya kukandamiza huyapitisha nyuzi 300 hata kama nyuma panashikika. Rangi ya bluu ukingoni ndiyo ushahidi. Kuifuta kwa msasa kunaondoa rangi tu. Chuma chini yake kimeshalegea. Lazima uondoe sehemu hiyo yote mpaka chuma kizima, na ufanye hivyo kwa tupa au jiwe la maji. Mwambie na mteja, kwa sababu mara nyingi kosa hili hutokea kwake, si kwako. Ukilinoa kwa grainda, shika bamba bila glovu karibu na makali na uchovye majini kabla vidole havijalalamika.

Tindo inachanika kichwani

Wachonga mawe ya matumbawe na wavunja chokaa wanajua kichwa cha tindo kinavyochanua pembeni. Huo ni ulaini, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Saga mapindo hayo kila yanapojitokeza. Hatari ni kichwa kigumu. Fundi anayepasha tindo yote na kuitumbukiza yote hutengeneza kitu kinachorusha vibanzi kila nyundo inapogonga, na vibanzi hivyo huingia machoni. Pasha theluthi ya mbele tu, chovya ncha, kisha tumia joto lililobaki shinani lirudi lenyewe kuelekea ncha huku ukitazama rangi kwenye sehemu uliyoing'arisha. Zambarau ikifika makalini, chovya yote. Kichwa kinabaki pelaiti. Yeyote anayeitumia avae miwani.

Imevunjika pembeni ya welding

Springi ya lori iliyounganishwa kwa welding huvunjika milimita chache kutoka kwenye mshono, na welda huambiwa hakuchomelea vizuri. Alichomelea vizuri. Chuma baridi kilichozunguka mshono kilinyonya joto haraka mno na kutengeneza ukanda wa matensaiti isiyorudishiwa moto, na nje yake ukanda uliolegea kupita kiasi. Ufa una nyumba mbili za kuchagua. Zaidi ya hapo, vijiti vya welding vilivyonyonya unyevu wa pwani hupeleka hidrojeni ndani ya chuma, na ufa wake hutokea saa kadhaa baadaye, gari likiwa limeshaondoka.

Kwa jembe la trekta au kifaa cha shamba kinachorekebishika: pasha eneo lote hadi nyuzi 250 au 300 kabla ya kuanza, tumia vijiti vya hidrojeni ndogo vilivyokaushwa, na ukimaliza zika kwenye majivu makavu au chokaa kavu kipoe polepole. Springi ya gari linalobeba watu isichomelewe kabisa. Nunua springi mpya. Abiria wa basi la Lushoto wanateremka mlima kwa imani kwamba mtu fulani hakufanya njia ya mkato.

Nondo iliyopashwa ili ipinde

Hii haihusu wahunzi peke yao, lakini inatokea kwenye kila mtaa unaojengwa. Nondo za kisasa zenye mbavu hupata nguvu zake kiwandani kwa maji: zikitoka kwenye roli zikiwa nyekundu hupigwa mkondo wa maji, ngozi inakuwa matensaiti, kisha joto la kiini linarudi nje na kuirudishia moto ngozi hiyo. Kiini chenyewe hubaki feraiti na pelaiti. Ukikata nondo, ukaing'arisha na kuipaka asidi hafifu, pete inaonekana.

Kijana akiipasha kwa gesi hadi nyekundu ili aipinde kirahisi, pete hiyo inafutika mahali palepale nguzo inapoitegemea zaidi. Haionekani kwa nje, na zege litaifunika. Nondo ipindwe baridi, kwa kigingi cha mviringo ambacho kipenyo chake hakipungui mara nne ya kipenyo cha nondo, kwa nondo za hadi milimita 16. Iliyokwisha kupashwa ikatwe, iwekwe nyingine ya kipenyo kilekile kabla zege halijamwagwa.